Beseni Lililomshinda Mouna

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Mouna alisimama mbele ya ubao wa darasa la saba akisoma kwa sauti maneno ya Kiingereza aliyoyaandika Madame Françoise: echo, fade, muffled, rumble. Yalikuwa maneno ya kueleza tabia za sauti, jinsi inavyorudi, inavyofifia, inavyozibwa na inavyonguruma. Mouna aliyasoma kama mtu anayeita majina ya watumishi wake. Wenzake waliokuwa na zamu ya usafi walifagia kuizunguka miguu yake.

Shule yao iko Kalemie, mashariki mwa Kongo, nyuma ya ghala kuukuu la mizigo karibu na reli. Wiki hiyo redio ya mtaa ilikuwa imeomba mwanafunzi mmoja wa kusema Kiingereza katika kipindi cha watoto. Nafasi ilikuwa moja tu. Mouna alikwisha kuitangazia avenyu nzima kwamba ni yake, na mama yake alikwisha kuwaambia wanawake wa sokoni wafungue redio Jumamosi.

Katika shule zetu kuna desturi inayopendwa sana. Darasa zima huimba ubao kuanzia juu hadi chini, na anayepiga kelele zaidi huhesabiwa kuwa na akili. Kwa kipimo hicho Mouna alikuwa malkia.

Aliyemkera ni Joëlle, msichana aliyehamia kutoka Nyunzu. Joëlle hakuimba kwanza, aliuliza. Alitaka kujua kila neno linaeleza sauti gani, kisha akalitafutia Kiswahili chake. Siku moja Mouna alishindwa kuvumilia.

"We Joëlle, Kiswahili ni ya kuuzia ndakala," alimwambia mbele ya wote, kana kwamba ni lugha ya wauza dagaa tu. "Kiingereza haiulizwe maana. Inasemwa tu."

"Basi hata kasuku wa Papa Cyprien, jirani ya shule, anajua Kiingereza," Joëlle akajibu.

Darasa likacheka. Mouna akafyonya na kurudi ubaoni.

Ijumaa, siku ya kumchagua mtu wa redio, Madame Françoise aliufuta ubao. Aliwapeleka wanafunzi nyuma ya ghala akiwa na beseni la chuma na kijiko kikubwa. Aliwaeleza kwamba leo hakuna kuimba. Kila mmoja angempa mgongo, asikilize, aeleze sauti imefanya nini, kisha ataje neno lake.

Mouna alijitokeza wa kwanza bila kuitwa. Madame akalifunika beseni kwa kitenge na kuligonga. Sauti ilitoka fupi na nzito, kama ya mtu aliyezibwa mdomo.

Mouna akasema echo. Ndilo lililokuwa la kwanza ubaoni.

Madame akaondoa kitenge, akauelekea ukuta mrefu wa ghala na kugonga kwa nguvu. Mlio ukaenda, ukagonga ukuta, ukarudi. Mouna akasema fade. Ndilo lililokuwa la pili. Mwanafunzi mwenzao Yassine akauliza kwa upole kama dada yetu anasikiliza beseni au anasoma ubao uliofutwa.

Madame akamwambia aache Kiingereza, aeleze tu kwa Kiswahili kile alichosikia. Mouna akarudia echo, fade, muffled, rumble. Masikio yake hayakuwa yamefanya kazi hata kidogo.

Zamu ya Joëlle ilipofika, aliomba agongewe mara mbili.

"Sauti imeenda, imepiga ukuta, imerudi imekuwa nyembamba," alisema. "Huo njo mwangwi. Echo."

Beseni lilipoachwa lilie mpaka likanyamaza, alisema sauti imefifia, akataja fade. La sauti ya kitenge, muffled, pia alilipata. Kisha treni ikapita kwa mngurumo hadi ardhi ikatetemeka, na hapo akakwama. Alikiri kwamba neno lake limempotea na kwamba hatabahatisha.

Madame akampa Joëlle nafasi ya redio. Mouna akalalamika kwa machozi kwamba yeye anajua maneno yote, na huyu amekosa moja.

"Amekosa neno, lakini sauti ameisikia," Madame akasema. "Neno hilo nitamkumbusha leo, na litakaa. Wewe nikikupa mengine mia yatakaa wapi, mwanangu? Umeidharau lugha yako ukadhani dharau hiyo ndiyo Kiingereza. Kumeza maneno si kujifunza. Kujifunza ni kazi, na kazi hiyo huanzia kwenye kitu chenyewe. Kifahamu kwanza kwa lugha uliyolelewa nayo, ndipo ukitafutie jina kwa lugha ya wengine. Sasa nenda sokoni wewe mwenyewe ukamwambie mama yako kwamba hutasema redioni, kabla hajaambiwa na watu."

Mouna akajifuta uso. Alipiga hatua chache, akageuka, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kujaribu tena Jumatatu.

"Uje," Madame alimjibu. "Mdomo uuache nyumbani. Leta masikio."