Saa ya Maman Emérance

Mambo yalibadilika Alhamisi, tarehe 9 Machi 1995, saa kumi za alasiri, katika nyumba moja ya kambi ya wafanyakazi kule Shituru, mjini Likasi. Saa ile Maman Emérance, aliyekuwa mgonjwa kitandani, aligonga ukuta kwa kikombe chake cha bati. Binti yake Fidélie, aliyekuwa sebuleni, akaugonga ukuta uleule kwa ngumi. Maana yake: ngoja.

Fidélie alikuwa mbele ya phonie. Miaka ile simu za mji zilikuwa zimekufa na posta imekufa. Mtu aliyetaka kusikia sauti ya ndugu wa mbali alikwenda kwa mwenye phonie, redio ya kusemea inayokula nguvu ya betri ya gari. Ya Fidélie ilikaa mezani sebuleni, na waya wake ulitoka dirishani ukapanda mpapai wa uani. Mshahara ulikuwa umekatika. Mume wake Ambroise alikuwa akichimba madini kule Shinkolobwe, alirudi mara chache. Phonie ndiyo iliyolisha nyumba.

Siku nzima aliikata vipande vya kusemea na miji ya mbali: kipande cha Kolwezi, kipande cha Kamina, kipande cha Mwene-Ditu. Katikati alisonga bukari, ugali wa kule, alifua, alimgeuza mama yake ili asipate vidonda. Wateja, waliomwita Mama Sephora kwa jina la mtoto wake, walimsifu kwamba kwake hakuna anayepoteza saa yake. Lakini mama hakuwa na kipande. Alipewa kinachobaki, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa betri iliyochoka.

Naye aliomba jambo moja tu. Mwanawe wa mwisho, Constantin, alipanda treni kwenda Mwene-Ditu pamoja na watu wa mke wake, wakati ule watu wa kabila lao walipofukuzwa mjini. Mama alikasirika kwamba kijana anamfuata mwanamke, akakataa kwenda stesheni kumuaga. Sasa alitaka kumpa baraka kabla hajafa. Kila Alhamisi, saa kumi, Constantin alifika kwenye phonie ya kule akangoja.

Siku ile pia alifika, akamwita dada yake.

"Yaya, minye iko hapa. Unipe maman. À vous."

Kwenye phonie huwezi kusema mpaka mwenzako akuachie zamu kwa kusema "à vous". Na mazungumzo hayafungwi mpaka mtu aseme "terminé". Fidélie alikuwa ameanza kuinuka kwenda kumleta mama, lakini Georges, mfanyabiashara wa unga, alimshika mkono.

"Mama Sephora, unga yangu iko mu wagon kule Mwene-Ditu, inaoza! Maman yako iko hapa kila siku. Wagon haiko hapa kila siku."

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka. Fidélie naye alicheka, kisha akamwambia mdogo wake angoje. Hapo ndipo kikombe kiligonga, naye akajibu kwa ngumi. Kikombe kiligonga tena, polepole, kama mtu anayeomba radhi. Kisha kikanyamaza.

Georges alipomaliza habari za unga wake, Fidélie aliingia chumbani. Mama alikuwa amegeukia ukuta, kikombe mkononi, macho wazi. Alikuwa amekwisha kwenda.

Sebuleni sauti ya Constantin iliita: "Yaya? À vous."

Fidélie alirudi. Watu walikuwa wanamtazama, na yeye hakujua aanze wapi. Akabonyeza kitufe akasema, "Maman iko nalala. À vous."

"Basi umuache alale. Minye nitarudia juma ingine. Terminé."

Alijiambia kwamba atamweleza siku nyingine, taratibu. Walimzika Maman Emérance Jumamosi. Kikombe chake walikitoboa kwa msumari wakakiacha juu ya kaburi, kama inavyofanywa kwa vyombo vya marehemu. Watu wa kilio walikaa uani. Phonie iliendelea sebuleni, kwa sababu wateja walikuwa na saa zao.

Jumatatu asubuhi betri ilikuwa imepelekwa kuchajiwa. Fidélie alikuwa anafagia sebule aliposikia harufu ya kafuri, ile dawa aliyokuwa akimchulia mama kifua. Aligeuka. Mshale wa phonie ulikuwa umepanda, unatikisika, kama unavyotikisika mtu anaposema. Aliushika waya wa betri. Ulikuwa unaning'inia tu, haukufungwa popote. Kutoka nyuma ya ukuta akasikia bati: tok, tok.

Aliomba Salamu Maria, akaendelea kufagia.

Alhamisi Constantin alifika mapema.

"Yaya, asante sana! Ile juma yote maman alinisemesha mu phonie, kila asubuhi. À vous."

Benchi lote lilikuwa limejaa. Fidélie alibonyeza kitufe. "Maman gani? À vous."

Constantin alicheka. "Yaya we! Tuko na bamaman bangapi? Alinipa na baraka. Lakini anasema iko nasikia baridi, anasema weye unamufungia mu nyumba. Anasema nikuje kesho, kwa miguu, nifuate reli, nisimuambie muke yangu. Rolly mwenye phonie anasema sauti inatoka Likasi, kwenu. À vous."

Fidélie aliinuka kitini, maana harufu ya kafuri ilikuwa imeingia tena, nzito, juu yake harufu ya asidi ya betri na udongo uliotoka kuchimbwa, na nyuma ya ukuta bati lilikuwa linagonga bila kupumzika, na alipoitazama saa ya mezani aliona mishale imesimama palepale pa saa kumi ingawa aliisikia ikienda, na aliona, kama mtu anayeona kwa macho yake, mdogo wake anatembea peke yake juu ya reli, katikati ya majani marefu, akifuata sauti ambayo haitamfikisha kwa mama yeyote.

Kwenye benchi, kama Alhamisi iliyopita, miongoni mwa waliongoja zamu, alikuwapo Mama Clotilde, kiongozi wa kikundi cha sala cha parokia. Alisimama, akaweka mkono juu ya ukuta, akautoa haraka kama aliyegusa jiko.

"Ile haiko maman yako," alinong'ona. "Mufu hatembei mu waya. Ile ni jini. Weye ulisema maman iko nalala. Ulimuachia kitanda wazi, njo maana akalala pale."

"Nifanye nini, mama?"

"Useme kweli palepale uliposema uongo. Na umuachie mutoto ya maman yako alie. Usimukate."

"Na saa yangu?" aliuliza Georges, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Leo hauna saa, papa Georges," alisema Fidélie. Akabonyeza kitufe. "Constantin, ndugu yangu. Maman alikufa. Alikufa ile Alhamisi, ukiwa hapo unangoja. Alikuwa anagonga ukuta, minye nikamugongea anyamaze. Nilikudanganya. Usikuje. Anayekuita haiko maman. À vous."

Halafu, kabla Constantin hajasema, ikaja sauti ya mwanamke mzee, karibu sana, kama mdomo uko ndani ya chombo.

"Fidélie. Saa yangu ni ngapi?"

Benchi lilianguka. Watu walikimbilia mlangoni, wengine wakapiga magoti pale walipokuwa, Mama Clotilde alipaza jina la Yesu na msalaba wake wa mbao mkononi, kafuri iliwafunga watu pumzi, na juu ya kelele zote, kutoka mbali kule Mwene-Ditu, kikapanda kilio cha mwanamume, kwanza kama kikohozi, kisha kwa nguvu zote, "Maman ee, maman yangu ee!", na wanawake wa Shituru, mmoja baada ya mwingine, wakakipokea, wakalia pamoja naye. Hakuna aliyemkatiza. Georges alivua kofia yake. Bati liligonga kwa hasira, kisha kwa uchovu, kisha likaacha. Constantin alilia mpaka betri ikaisha.

Harufu iliondoka. Baada ya siku chache mke wa Constantin alituma habari: yupo nyumbani, amekula, hajaenda popote. Jini hakumpata, Mungu asifiwe.

Lakini betri iliisha katikati ya kilio, na siku ile hakuna aliyesikika akisema terminé.

Tangu hapo Fidélie haiuzi saa kumi ya Alhamisi. Wateja hungoja uani. Yeye na mtoto wake Sephora hukaa mbele ya phonie iliyozimwa, na kikombe kile kilichotobolewa, kilichoachwa makaburini, hugonga nyuma ya ukuta. Tok, tok. Fidélie haugongi ukuta. Hupiga magoti, akaomba:

Ee Bwana, mtumishi wako Emérance alingoja, wala hakupewa zamu. Wewe usiye na haraka, umpokee bila kumngojesha. Mpe pumziko, mpe mwanga wako, umfunike asisikie baridi. Utusamehe sisi tuliomgongea ukuta. Amina.