Sauti Nne za Kidonge Kimoja

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaoandika programu za simu, sogeeni karibu niwasimulie yaliyotupata nyumbani.

Asubuhi zetu zilikuwa tulivu. Mume wangu hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mezani pana bilauri ya maji iliyofunikwa kisahani, simu yake, na kikopo cha vidonge vya presha. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini, akianza na kumaliza kwa king'ora. Siku hizi kumbukumbu imeanza kumtoroka, lakini utii haujamtoka.

Mjukuu wetu wa kike, anayeandika programu, akamtengenezea moja ya kwake peke yake. Saa mbili ikifika, simu husema kwa sauti ya mjukuu mwenyewe: "Babu yangu, meza kidonge kimoja." Kwenye ukurasa wa dawa aliweka pia picha yake akicheka. Mzee alifuta machozi kwa kiganja.

Sikilizeni vizuri, maana kosa lilijificha hapo. Kila ukurasa ule unapofunguliwa, programu huweka msikilizaji. Si mtu, ni kipande cha maandishi ya programu kinachongoja kuambiwa kuwa saa imefika, ndipo kitoe sauti. Ukurasa ukifungwa, msikilizaji wake anatakiwa aondolewe. Mjukuu wangu hakuandika mahali pa kumwondoa. Na babu yake alikuwa akifungua, akifunga, akifungua tena, ili aione tu ile picha.

Siku ya tatu simu ikasema mara mbili. Nilikuwepo, nikamzuia mzee, nikampigia mjukuu.

"Bibi, hicho kitu kidogo. Nitarekebisha nikipata nafasi."

"Babu yako hajui kidogo wala kikubwa. Akiitwa, anaitika."

"Bibi nawe! Unamfanya mchumba wangu askari?"

Tukacheka. Nafasi haikupatikana.

Kesho yake nilikuwa uani nikianika nguo. Niliporudi, mzee alikuwa ameegemea meza, jasho linamtiririka.

"Ameniita mara nne," akanong'ona. "Nimemeza vyote vinne."

Jirani yetu nesi alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu. Hakuvua hata viatu. Alimlaza, akamwinua miguu, akaita gari la wagonjwa, akamshika mkono njia nzima. Mwenyezi Mungu amkumbuke kwa hilo.

Mzee alilazwa siku tatu. Mjukuu akaja macho mekundu, akafungua kompyuta pembeni ya kitanda, akaandika amri: ondoa wasikilizaji wote. Ilikuwa haraka ileile, safari hii imevaa majuto.

Tuliporudi nyumbani, saa mbili ikafika, simu kimya. Nilikuwa jikoni, nikadhani imeshamwita na amekwisha kumeza. Saa tano nikamkuta bado ameshika kikopo.

"Mtoto hajaniita leo," akasema. "Amenikasirikia?"

Kumbe kati ya wale wote alikuwemo mmoja anayesikiliza saa yenyewe na kuwatangazia wenzake. Naye alifagiliwa. Hakukuwa na wa kutangaza.

Nilimpa mzee dawa yake kwa mkono wangu, nikampigia mjukuu. Jioni mjukuu akaja na mwenzake wa kazini, tunayemwita Dada Miwani. Hakumkaripia. Alivuta kiti, akamwambia, "Mdogo wangu, unapomweka msikilizaji, tunza alama yake ya kumtambulisha. Ukurasa ukifungwa, mwondoe huyohuyo, mara moja tu, kisha ifute alama. Wa mwenzako usimguse."

Wakaandika, wakamrudisha na yule mtangazaji wa saa. Kisha wakaufungua na kuufunga ukurasa mara hamsini palepale mezani, wakihesabu kwa sauti, mzee akihesabu nao.

Asubuhi simu ikasema mara moja. Mzee akasubiri, akanitazama.

"Basi?"

"Basi, mume wangu. Meza."

Akameza. Kisha akaifungua picha, akaifunga, akaifungua tena, na safari hii sikuwa na hofu.

Mafunzo

Wanangu, ulichokiweka kiondoe mwenyewe; siku ileile unayokiweka andika na namna ya kukiondoa. Usingoje nafasi. Wala usifagie kila kitu kwa sababu umeona aibu. Ondoa kilicho chako, vya wengine viache vifanye kazi. Na mtu akikwambia kuna kasoro, usipime ukubwa wake kwa macho yako. Pima kwa yule anayekuamini kiasi cha kumeza kila unapomwita.