Jiko la Makaa Chumbani

Nunu alikuwa na bustani ndogo uani, Riyadh. Yeye na mumewe, Hamdun, walikuwa Wazanzibari waliokulia Jeddah. Mafuta yalipoitajirisha nchi, Hamdun alipata kazi ya ujenzi Riyadh. Wakahama na mama wa Hamdun, Bi Kijakazi, na mbegu za mchicha na pilipili.

Jeddah haina baridi ya kuua mboga. Riyadh inayo. Asubuhi moja ya Januari Nunu alikuta pilipili zimekuwa nyeusi, zimelegea kama zimechemshwa.

Jioni akaingiza mchicha aliokuwa ameupanda kwenye makopo chumbani kwa Bi Kijakazi. Akawasha jiko la makaa. Akaziba dirisha kwa blanketi.

"Mama, umepata joto?"

"Nimelipata, mwanangu. Leo mie na mchicha wako tumepaliwa makaa kama wali!"

Nunu akacheka, akafunga mlango, akaenda kupika. Aliporudi na chai, mama mkwe wake hakuitika.

"Mama! Mama, chai!"

Akamtikisa, hakuamka. Nunu naye kichwa kikamgonga, kizunguzungu kikamshika. Akapiga kelele.

Jirani yao Nyokabi, muuguzi kutoka Kenya, akaja mbio. "Tumtoe humo! Shika miguu, nishike mabega. Haraka, dada!"

Wakambeba Bi Kijakazi hadi uani, Hamdun naye ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.

"Kafa? Niambie, Nyokabi! Nimemuua mama wa watu?"

"Anapumua. Hamdun, leta gari!"

Hospitalini Bi Kijakazi alipewa oksijeni kwa mashine, akazinduka. Nunu alikaa kando ya kitanda, kamshika mkono.

"Makaa yakiwaka ndani hutoa sumu," Nyokabi akamweleza. "Huioni, huisikii harufu. Mtu hulala, asiamke. Usiwashe jiko katika chumba kilichofungwa, iwe kwa ajili ya mtu au mche."

"Na mchicha wangu je?"

"Kwetu Limuru pia baridi huchoma mimea. Mwagilia mchana, udongo wenye maji hutunza joto. Kabla ya jua kuzama, simamisha vijiti, tandaza gunia juu yake. Lisiguse majani. Jua likitoka, funua."

Nunu akafanya hivyo. Majirani wakamuiga.

Ikaja baridi kali kuliko zote. Alfajiri Nunu alisimama mlangoni kwa Bi Kijakazi, mkono kifuani.

"Mama?"

"Wee Nunu, kila siku waniamsha kunihesabu pumzi! Mie mzima. Jua likitoka nenda kafunue mboga, zisije zikapikika humo."

Jua lilipotoka, Nunu akafunua gunia. Mchicha ulikuwa kijani kibichi.