Picha Mbovu za Mgane

"Huyu mwanaume haangalii kamera, Mama Kidege. Anakuangalia wewe."

Mama Kidege alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafuta lenzi yake kwa kitambaa laini. Hakuinua kichwa.

"Yupi?"

"Usinichezee akili. Njoo uone mwenyewe."

Aliyesema hivyo ni mumewe, fundi wa majokofu. Wateja humwita Fundi, mkewe humwita Baba Kidege. Alikuwa amefungua kompyuta ya mkewe kutafuta picha ya binti yao ya kupeleka shuleni, akabonyeza folda isiyomhusu. Ilikuwa imeandikwa MBOVU. Ndani akamkuta mgane mwenye duka la dawa, yule aliyefiwa na mkewe akaachiwa mapacha wa kiume. Mgane kashika sufuria, anatabasamu. Mgane anawaogesha watoto, povu limemfika viwikoni, anatabasamu. Mgane kasimama mlangoni na taulo begani, hatabasamu, na hiyo ndiyo iliyomchoma Fundi kuliko zote.

"Ah, hizo ni za kutupa," mkewe akasema.

"Za kutupa kivipi? Mbona zimetulia hivi?"

"Zimeharibika. Ameangalia kamera."

Hapo inabidi uijue kazi ya mwanamke huyu. Hakuwa mtu wa kupanga familia kwenye kochi na kuwaambia wacheke. Alipiga picha za maisha yanavyokwenda: mtoto kavaa viatu kinyume, bibi anasuka mjukuu anayesinzia, ndugu wawili wanagombea mswaki mmoja. Aliingia nyumba ya mtu asubuhi, akakunja nao nguo, akaosha nao vyombo, mpaka wenye nyumba wakamsahau. Wakishamsahau, ndipo anainua kamera. Ukimwangalia tu, umemharibia.

Fundi aliyajua yote hayo. Wivu ukampanda hivyo hivyo.

"Na picha mbovu za wale wenye mtoto mchanga ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Za yule bibi na wajukuu zake?"

"Nilizifuta."

"Za mgane?"

Mama Kidege akaendelea kufuta lenzi, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Nakuuliza wewe. Kila mteja folda yake ya mbovu ni tupu. Huyu peke yake ndiye umemtunzia. Kwa nini?"

"Nilisahau."

"Wewe? Wewe unayekumbuka Kidege aling'oka jino gani lini?"

Simu ya mkewe ikalia mezani. Fundi alikuwa karibu nayo, na jicho la mwenye wivu halihitaji miwani. Ujumbe ulikuwa juu kabisa kwenye kioo:

"Jumamosi usikose. Wanangu wanakuulizia. Na mimi nakuulizia."

Akausoma kwa sauti, neno moja moja, kama hakimu.

"Ni mteja," mkewe akasema.

"Mimi nina wateja kibao. Hakuna hata mmoja anayeniulizia. Friji ikishagandisha, wananisahau jina."

"Sasa unataka nikujibu nini?"

"Ukweli."

"Ukweli ni kwamba hakuna kitu, Baba Kidege. Hakuna kilichotokea."

Siku hiyo walilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na binti yao alipoamka akawauliza kama wanacheza.

Asubuhi Fundi hakwenda kazini. Alikwenda moja kwa moja duka la dawa. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na yalikuwa makali kwelikweli. Bahati mbaya akakuta foleni. Ikabidi asimame nyuma ya mama mmoja mtu mzima, hasira amezikumbatia kama mkoba.

Mgane, akimtafutia yule mama dawa, alimwona nyuma yake mtu asiye na cheti cha daktari mkononi, amekunja uso.

"Karibu kaka. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni mume wa mpiga picha."

Mgane akaweka chini boksi la vidonge. Hakujifanya haelewi, na Fundi akamchukia zaidi kwa hilo.

"Aliniambia ameolewa," akasema.

"Alikuambia. Na bado ukamwandikia kwamba unamuulizia."

"Nilikosea. Nisamehe kwa hilo. Mkeo sijamgusa, wala sijamtamkia neno. Lakini nikikuambia simwangalii, nitakuwa nakudanganya, na picha alizonipiga zitanisuta."

"Huna haya wewe."

"Kaka, nyumba yangu ilikuwa imenyamaza. Amekuja mtu anakaa sakafuni na wanangu, anajua yupi analia kwa njaa na yupi analia kwa usingizi. Ningeangalia wapi?"

"Ungeangalia ukuta. Yule ana mume."

"Najua. Ila nikuambie nilichokiona. Anakaa kwangu tangu asubuhi, simu yake iko mezani kwangu, na sijaisikia ikiita hata siku moja kumuuliza amekula. Nikasema moyoni, labda mume yupo kwenye cheti cha ndoa tu."

Fundi alikunja ngumi. Angeitumia, maana mkono ulikuwa umeshafika usawa wa kaunta, kama si yule mama aliyekuwa mbele yake.

"Jamani, mimi nina kikohozi," mama akasema. "Wewe mwenye mke, nenda kwa mkeo. Na wewe mwenye duka, nipe dawa yangu nikalale."

Fundi akaondoka na hasira zake. Eti kwenye cheti tu. Yeye anayelipa kodi ya nyumba, aliyemnunulia mkewe kamera ya kwanza. Akaamua jambo moja: atafungua picha za nyumbani kwake, atafute zile ambazo yeye mwenyewe anamwangalia mkewe, ampelekee yule mwanaume azione mpaka ashibe.

Alipofika nyumbani alimsikia mkewe chumbani. Hakumsemesha. Akakaa kwenye kompyuta, akafungua folda iliyoandikwa NYUMBANI.

Zilikuwa picha nzuri sana. Fundi anabadilisha feni, Kidege kamkalia mabegani. Fundi anakula, simu imeegemea jagi, macho yako kwenye mpira. Fundi kalala kochini na mtoto amemchora ndevu kwa kalamu. Fundi kageuza mgongo. Fundi anafunga kamba za viatu, anakaribia kutoka. Nyingine alikuwa hajui hata zilipigwa lini.

Akazipitia zote, miaka na miaka. Kisha akafungua MBOVU ya nyumbani. Kidege alijaa humo, anatoa ulimi, anakodoa macho. Yeye hakuwemo.

"Unatafuta nini?"

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na magauni ya Kidege mkononi, yamekunjwa.

"Natafuta mbovu zangu."

"Huna."

"Umezifuta?"

"Hazijawahi kuwepo. Tangu tuoane hujawahi kuniharibia picha hata moja."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Fundi angepata pa kushika. Aibu ikamjaa mpaka masikio yakamwaka moto.

"Hayo magauni unayapeleka wapi?"

"Kwa dada. Ameshaandaa chumba. Nampitia Kidege shuleni."

"Kwa sababu ya yule?"

"Yule nimeshamwandikia asubuhi. Jumamosi siendi. Zilizo nzuri nimemtumia, mbovu nimezifuta."

"Unampenda?"

"Simpendi."

"Sasa unaondoka kwa nini, na umeshamaliza?"

Mama Kidege akakaa ukingoni mwa kochi.

"Kwa sababu nilipokuwa nazifuta nililia. Nikajiuliza, ninalilia nini, mwanaume simtaki? Nilikuwa nazifungua kila siku, Baba Kidege. Si kumwona yeye. Nilikuwa nataka kuona mtu akiniangalia anakuwaje."

Fundi akachukua gauni moja kwenye ule mzigo, lile lenye mfuko uliochanika, akaliweka magotini akawa analiangalia tu. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

Mara akasikia mlio anaoujua. Mkewe alikuwa ameinua kamera iliyokuwa kando yake kochini. Mkono wa kazi hauna adabu, unakwenda wenyewe.

"Ishushe," Fundi akasema.

"Samahani. Ni mazoea."

"Ndiyo hayo hayo mazoea. Mimi nina kosa langu, nalibeba. Lakini humu ndani kila nikiinua macho nakuta hiyo. Hata Kidege alipozaliwa, niligeuka nikuangalie, nikaangaliana na kioo cha kamera. Nikazoea kutokugeuka. Nitakuangaliaje, na uso umeuficha?"

Mama Kidege alikuwa hajawahi kuulizwa hilo. Akaishusha kamera mapajani, taratibu, na bila kitu usoni akaonekana kama mtu aliyevuliwa miwani.

Fundi akamwangalia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Alitamani kukohoa, alitamani simu iite. Akaendelea. Akaona alama ya mviringo chini ya jicho lake la kulia, ngozi imeingia ndani kidogo, palipobanwa na kamera miaka yote hiyo.

"Hii alama imeanza lini?"

"Kabla Kidege hajazaliwa."

"Kabla Kidege hajazaliwa," Fundi akarudia. Akaigusa kwa kidole kinachonuka grisi. Mkewe hakukwepa, ila chozi likashuka likakilowesha kidole hicho.

"Usiende," akamwambia. "Sijui nikuahidi nini ukaniamini. Nakuomba tu usiende."

Mkewe akachukua simu, akaandika, akaigeuza mumewe asome:

"Dada, leo siji."

"Leo tu?"

"Leo kwanza. Ya kesho nitayaona kesho."

"Sawa. Ila nikuambie ukweli, yule mwenye duka la dawa bado nina wivu naye. Haujaisha, na sidhani kama utaisha leo."

Kwa mara ya kwanza tangu jana Mama Kidege akacheka, pua imeziba kwa machozi.

"Usiumalize. Ila kuanzia sasa, ukinionea wivu, nionee huku unaniangalia."