Kopo Kando ya Sinki

Kila jioni mgahawa wetu ulipofungwa, kazi ilikuwa ile ile. Mama alifuta meza, mimi nilifagia, na dada yangu aliosha vyombo. Mtaa mzima ulimwita Chapchap, na jina hilo hakupewa bure: alimaliza kusugua karai kabla mimi sijaukamata ufagio vizuri. Hadi leo nikisikia harufu ya viazi vya kukaanga, naikumbuka redio ya mama iliyokoroma juu ya rafu, na moyo wangu unarudi pale.

Mama alikuwa na sharti moja. Mafuta yaliyotumika yamiminwe kwenye kopo kando ya sinki, yapoe, ndipo yatupwe pamoja na taka. Lakini Chapchap na kungoja wapi na wapi? Aliyamwaga kwenye sinki, akafuatisha sabuni na maji ya moto.

"Si unaona? Yameenda zake!" aliniambia akicheka.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Shangazi, ingawa hatukuwa na undugu naye. Sare zetu za shule zilipochanika, alizishona huku akitutania kwamba tunacheza na miiba.

Asubuhi moja tulisikia ukelele wake. Majitaka yalikuwa yakifurika kutoka kwenye chemba iliyo mbele ya mlango wake, yakiingia ndani hadi chini ya cherehani. Harufu yake, acha tu.

Mwenye nyumba alifika amefura kwa hasira. "Ni vitambaa vyako hivyo! Unavitupa chooni, bomba linaziba. Fungasha virago vyako leo leo!"

"Sijatupa hata uzi, baba," Shangazi alijibu. "Nikihama hapa, wateja wangu watanipata wapi?"

Fundi wa idara ya maji alipofika, alifunua chemba, akaingiza waya mrefu bombani na kuuzungusha kwa nguvu. Akavuta bonge jeupe, gumu kama mche wa sabuni.

"Hiki si kitambaa," alisema. "Ni mafuta ya kupikia. Yanaingia yakiwa ya moto, yakifika mbele yanapoa na kuganda. Kwa hiyo sinki la aliyeyamwaga halizibi. Anayefurikiwa ni jirani."

Watu wote wakamgeukia mama. Mama alisimama wima, kanga kiunoni. "Mafuta yangu hutiwa kwenye kopo, bwana fundi. Mwanangu huyu ndiye mwenye kazi hiyo, nami namwamini."

Mama hakuwa mtu wa kusema uongo na kila mtu alilijua hilo. Macho yakarudi kwa Shangazi. "Basi ni wewe unayekaanga humo ndani," mwenye nyumba akasema. Shangazi alianza kukunja nguo za wateja.

Nilimtazama dada yangu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mzito. Kusema kungekuwa kumuaibisha mama mbele ya mtaa mzima. Kunyamaza kungemfukuza Shangazi. Machozi yalimlengalenga.

"Mama, nisamehe," alisema hatimaye. "Kopo sikulitumia. Nilikuwa nayamwaga kwenye sinki. Shangazi, usihame."

Mama aliinamisha kichwa. Niliona haya kwa niaba yake. Kisha alimwomba Shangazi radhi mbele ya wote, akachukua ndoo na dawa ya kuua vijidudu, na sisi watatu tukasugua sakafu ile mpaka ikang'aa. Mwenye nyumba aliondoka bila kutaja tena habari ya kuhama, na Shangazi akairudisha cherehani mahali pake.

Jioni ile mama aliketi na Chapchap kando ya sinki, wakingoja mafuta yapoe.

"Umeniaibisha, mwanangu," alisema, "lakini umemwokoa mwenzio, na kwa hilo nakushukuru. Kumbuka tu, ukimwaga kitu hakipotei. Kinaenda mlangoni kwa mtu."

Mgahawa ule haupo tena, na mama tulishamzika. Ninapomtembelea Chapchap nyumbani kwake, nakuta kopo kando ya sinki. Baada ya kukaanga tunavuta viti, tunaketi na kuzungumza habari za mama, huku tukingoja mafuta yapoe. Wala hana haraka.