Alibadilisha Maganda Yangu ya Risasi, Nikapoteza Jicho

Nina miaka arobaini na saba, baba wa watoto wawili, na ninayaandika haya kwa jicho moja. La kulia nililipoteza kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kaskazini mwa Toronto. Mwaka mzima niliamini ni uzembe wangu... Kumbe!

Ninaishi Etobicoke. Nilikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala la mizigo kule Malton. Wafula, Mkenya mwenzangu tuliyesali naye kanisa moja, ndiye aliyenifundisha kuwinda kulungu. Ndiye pia aliyenifundisha kuchukua ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, kulisafisha, kulitia fataki, yaani kiwashio cha baruti kinachokaa kitakoni, kisha baruti na kichwa kipya, likawa risasi tena. Kwenye chumba cha chini cha nyumba yake tulifanya kazi hiyo tukicheka kama watoto wa mama mmoja.

Jambo moja alilisisitiza tangu siku ya kwanza.

"Baba Neema, maganda hayafanani. Ya jeshi mengi yana kuta nene, ndani nafasi ni ndogo. Ukitia baruti ileile, presha inapanda. Ukibadilisha ganda, punguza baruti, uanze upya polepole."

Alijua! Kumbukeni hilo, wasomaji wenzangu... alijua!

Nilinunua maganda mapya ya aina moja, nikahangaika miezi kadhaa hadi nikapata kipimo cha baruti kilichoyafaa. Mke wangu hakutaka vitu hivyo kwetu ghorofani, kwa hiyo boksi langu lilikaa kwa Wafula.

Wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda nilienda kujaza risasi. Maganda yalikuwa yanang'aa, yamesuguliwa vizuri. Sikusoma chapa kwenye kitako. Ningesoma kwa nini? Boksi ni langu, liko kwa ndugu yangu!

Jumamosi asubuhi tulienda uwanjani. Risasi ya kwanza ilinipiga bega vibaya. Komeo la bunduki likawa gumu kufunguka. Ganda lilipotoka, fataki ilikuwa imebapa kabisa, dalili ya presha kuzidi. Nikampa Wafula alitazame. Alilitazama kwa muda mrefu...

"Ni baridi tu," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Bunduki ikapasuka usoni mwangu.

Hospitalini Wafula alilia, akanishika mkono, akaniombea. Kisha akawaambia watu kanisani kwamba nilizidisha baruti. Nami nikaamini! Kazi ya foklifti ikaisha. Mke wangu akaanza kufanya zamu mbili kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Binti yangu Neema akajifunza kutembea upande wangu wa kulia, nisigonge watu. Mnajua baba anajisikiaje?

Siku moja fundi wa bunduki wa klabu yetu ya kulenga shabaha aliniomba zile risasi zilizobaki. Alizifungua, akapima baruti. Ilikuwa sawasawa! Halafu akapima maganda. Yalikuwa mazito kuliko yangu, na chapa yake ilikuwa ya jeshi. Akakata moja katikati kwa msumeno, nikaona ule unene kwa jicho langu lililobaki.

Nilienda moja kwa moja kwa Wafula. Nilipomwonyesha lile ganda lililokatwa, akainamisha kichwa.

"Nilitaka maganda yako kwa ajili ya mashindano. Yangu yalikuwa yamechakaa. Nikakuwekea yale ya jeshi... nilidhani hutagundua."

"Na nilipokuonyesha fataki?"

"Niliona aibu kukwambia."

Aibu! Mtu aliona aibu, akaniacha niweke shavu kwenye bunduki mara ya pili! Na mwaka mzima alinisikia nikimwomba Mungu msamaha kwa kosa lake, akaitikia amina!

Tangu siku hiyo hatujasalimiana. Wengine kanisani wanasema nina kinyongo. Labda ni kweli...

Nawasihi ninyi mnaojaza risasi zenu wenyewe: msipokee ganda msilolijua lilikotoka. Ligeuzeni, someni chapa, lipimeni. Mkibadilisha aina, punguzeni baruti. Mkiona fataki imebapa, wekeni bunduki chini, hata kama anayewaambia muendelee ni rafiki mnayempenda kuliko wote.

Asubuhi ile nilikuwa na macho mawili mazima. Nikaamua kutazama kwa macho ya Wafula.