Mate ya Watu Wawili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Muhawenimana aliwasha moto, akapika uji wa mtama na kumpelekea mama yake kikombe kitandani. Kabla ya kumkabidhi, alionja funda moja mbele yake, kama ilivyo desturi ya kijijini kwao, Burungu: anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina kitu kibaya ndani.

Mama yake, Thacienne, alikuwa akimcheka.

"We Muhawe, mi njo nilikuzala. Nitafikiri unanipa sumu?"

"Ni heshima, mama."

Haikuwa heshima tu. Muhawenimana, binti wa darasa la sita, alikuwa mtu wa kushuku. Alimshuku muuza sukari na kipimo chake. Alimshuku mwalimu aliyesema mtihani utakuwa mwepesi. Alimshuku hata jogoo wa mzee Sebarenzi, jirani yao, kwa namna alivyopitapita karibu na maharagwe yaliyoanikwa. Tuseme ukweli, jogoo yule alistahili.

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kushuku zaidi. Mama Thacienne alipatwa na kifua kikuu. Kwenye kituo cha afya walimpa vidonge, kikohozi kikaanza kupungua, nyumba nzima ikachangamka. Kisha nyayo zake zikaanza kumwaka kama amekanyaga majivu ya moto, na macho yakageuka manjano. Daktari akaamuru vidonge visimame kwanza. Mzee Sebarenzi alikuwa amemeza vidonge vilevile akapona, tena sasa alikuwa akipanda mlima na jembe begani. Kwa nini vimkubali yeye na kumkataa mama? Muhawenimana alijiuliza hivyo akiosha vyombo, akajiuliza tena darasani, na jibu hakulipata.

Ndipo alipofika Solange. Alikuja juu ya pikipiki iliyojaa matope, na sanduku la baridi amelikumbatia kifuani. Alikuwa mzaliwa wa Walikale, bado kijana, na alisomea udaktari. Si ule wa sindano bali ule wa chuo kikuu, wa utafiti. Alisoma pamoja na vijana wenzake kutoka nchi nyingi, chini ya maprofesa wa mbali, na kila mmoja alipewa kazi ya kufanya kwao. Somo lao waliliita famakojenomiki. Muhawenimana aliposikia jina refu namna hiyo, alishuku papo hapo.

"Mama Thacienne," Solange alisema akiwa ameketi kwenye kigoda, "kila muntu anazaliwa na mwili wake, kufuatana na kile wazazi walimurithisha. Kuko wenye mwili yao inatoa dawa mbio. Kuko wenye inatoa polepole, dawa inabaki ndani na kuwaumiza. Mate yako itatuonyesha we uko upande gani. Daktari akijua, atakupimia kidonge chenye kinakufaa."

Mama alikubali. Solange akampa kichupa cha plastiki kilicho na maji kidogo ya rangi ya samawati kwenye kifuniko. Akamweleza ateme mate ndani asubuhi, kabla ya kula, kisha kipelekwe kwa muuguzi Faustin kwenye kituo. Baada ya hapo akaondoka haraka, maana nyumba nyingine zilikuwa zikimsubiri na mvua ilikuwa inatanda.

Jioni ile, kwenye chemchemi, Muhawenimana alimsimulia rafiki yake Fifi. Fifi akatua ndoo chini.

"Mate? Eh, Muhawe! Mate ya muntu hawaichezelee. Wanapeleka mbali, wanaiuzisha. Ao wanaifanyia maneno ya uchawi, we unabaki unakonda tu."

"Nani amekuambia?"

"Watu wote wanajua."

Muhawenimana alimshuku Fifi pia kidogo, lakini alimshuku Solange zaidi. Kama ni kweli, mama angezidi kuugua. Kama ni uongo na yeye akakitupa kichupa, mama angekosa dawa. Aligeukageuka kwenye mkeka, huku na huku njia imezibwa.

Asubuhi alipokichukua kichupa akakitazama mwangani, wazo likamjia. Uji huonjwa kwanza na anayeupeleka. Basi na hiki akionje kwa namna yake. Alijificha nyuma ya jiko, akafungua kichupa, akatema mate yake mwenyewe ndani.

"Kama iko na kitu mubaya," alinong'ona, "ianzie kwangu."

Alingoja. Tumbo halikuuma, kichwa hakikuzunguka. Akakipeleka kichupa kwa mama, mama akatema juu ya mate yale bila kujua lolote. Muhawenimana akakifikisha kituoni, na siku nzima alijiona shujaa.

Wiki zikapita bila jibu. Kikohozi cha mama, kilichokuwa kimekwenda zake, kikaanza kurudi kidogo kidogo alfajiri. Hatimaye wakaitwa kituoni. Mama akaingia chumba cha daktari kupimwa, na binti akabaki kwenye benchi nje ya dirisha la muuguzi Faustin. Sauti za ndani zilimfikia wazi.

"Kaka Faustin, labo imesema kachupa ya Mama Thacienne iko na mate ya watu wawili," Solange alikuwa akisema. Sauti yake ilikuwa imekazana. "Haisomeke. Profesa ananiuliza ni nani alishika kachupa. Kama hatujue kosa ilitokea wapi, atakataa kachupa zote za Burungu. Kazi yote tuanze upya, ao tuache."

"Mi niliipokea imefungwa, nikaiweka ndani ya sanduku. Basi."

"Haukuchanganya?"

"Dada Solange, unanizania nini?"

"Sijue nizanie nini, kaka. Lakini kuanzia leo, sanduku nitalishika mi mwenyewe. Ufunguo uko wapi?"

Ufunguo ukalia juu ya meza.

Muhawenimana alimfahamu vizuri muuguzi yule. Faustin ndiye aliyetembea na mvua kuwaletea vidonge wakati barabara ilipokatika. Wanawake wawili waliokaa mwisho wa benchi walikuwa wamesikia pia, na mmoja alimwinamia mwenzake akasema, "Nilisema mi. Huyo muganga Faustin anauzisha vitu vya watu." Maneno kama ya Fifi kabisa, na Faustin hakuwa na kosa lolote. Muhawenimana aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona nyuma ya jiko. Lakini mlangoni mama alikuwa akitoka akikohoa, ameshika ukuta, mikono mitupu bila vidonge.

Akasimama, akaingia bila kubisha hodi.

"Ni mi," alisema. "Mate ya pili ni yangu. Papa Faustin hakufanya kitu."

Akaeleza yote huku akilia: Fifi, maji ya samawati, jiko, desturi ya kuonja. Hasira ilimpanda Solange usoni, kila mtu aliiona, kisha ikamshuka akaketi.

"Ulitaka sumu ikupate we kwanza?"

"Ndiyo, dada."

Solange alijifuta uso, akamgeukia Faustin. "Kaka, nisamehe. Nilikuzania mubaya bila kukuuliza vizuri." Akausukuma ufunguo upande wake wa meza.

Faustin hakuuchukua upesi. Alikuwa ameumia, na hakuficha. "Imeniuma sana, dada," alisema. Baadaye akaushika, akaenda mlangoni, na kuwaambia wale wanawake kwa sauti kubwa kwamba kosa limejulikana na mate hayauzwi popote.

Siku ileile Solange alimpigia profesa wake simu akamweleza yaliyotokea. Vichupa vya nyumba nyingine vikakubaliwa. Mama Thacienne akatoa mate mapya, safari hii mbele ya Faustin, na Muhawenimana amekaa mbali, mikono chini ya mapaja asishawishike.

Majibu yaliporudi, Solange alikuja nayo nyumbani pamoja na Faustin. Mwili wa mama ulikuwa wa wale wanaotoa polepole moja ya zile dawa. Daktari alikuwa amempunguzia kipimo, akamwongezea na kidonge kingine cha kulinda nyayo. Mama alimeza. Waliendelea kumpima mara kwa mara, macho yakabaki meupe, nyayo zikatulia, na kikohozi kikaondoka. Ulipofika msimu wa kupanda maharagwe, alishuka shambani kwa miguu yake mwenyewe.

Siku Solange alipokuja kuaga, akielekea Walikale kuendelea na kazi, mama alimwita Muhawenimana akae katikati yao.

"Mwanangu, kupendwa namna ile sitasahau," alisema. "Lakini sikiliza. Kushuku si zambi. Huku kwetu, muntu asiyeshuku anapotea. Zambi ni kushuku na kunyamaza, halafu kufanya kwa kujificha. We ulinyamaza, mi nikabaki bila dawa, na Papa Faustin akaitwa mwizi. Ukiwa na mashaka, ulizia mwenye neno usoni pake. Akiwa mukweli, atakujibu."

"Na mi," Solange aliongeza, "nilikimbia mvua, sikuwaachia nafasi ya kuuliza. Hiyo ni kosa yangu."

Muhawenimana akawatazama wote wawili.

"Basi niulize sasa?"

"Uliza," mama alisema.

"Dada Solange, ile mate ya mama yenye ilibakia kule labo, munaifanyia nini?"

Faustin akacheka. Solange hakucheka. Alishusha mkoba wake begani, akavuta kigoda, akaketi tena, ingawa dereva wa pikipiki alikuwa akimpigia honi barabarani.

"Ulizo nzuri," alisema. "Leo sina mbio. Twende polepole, mupaka uelewe."